Soksi Zilizoshonwa

Siku yangu ya kwanza kujitolea kuorodhesha mimea niliiharibu kwa neno moja: "asili".

Tulikuwa wanane. Kila wawili tulipewa fremu ya mbao, mita 1 kwa mita 1, ya kulaza chini na kuandika kila kilichoota ndani yake: jina, idadi, na kama ni cha asili au mgeni. Ukikuta mdudu au kinyesi cha mnyama, nacho unakiandika. Mwenzangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkimya, lenzi yake ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Kiraka cha kwanza kilijaa kishona nguo. Nikaandika bila hata kuinama: kishona nguo, 14, asili.

"Asili ya wapi, mwanangu?"

"Ya hapa hapa, mama. Nimezaliwa nimekikuta."

Hakubishana. Alikata shina, akaniambia nilizungushe vidoleni. Lilikuwa na pembe nne. Kisha akaweka mbegu chini ya lenzi: nyeusi, nyembamba kama sindano, kichwani ina miiba miwili, na kila mwiba una vijino vilivyopinda kurudi nyuma kama ndoana. Ikiingia kwenye kitambaa, haitoki kwa hiari.

"Bidens pilosa. Kwao ni Amerika, kwenye nchi za joto. Wewe umekikuta, sawa. Nacho kilikuta vingine."

Nikakata neno langu, nimenuna kidogo. Kwa gugu karoti, nalo mgeni, nisingekosea. Lile linawasha ngozi, linachukiwa wazi. Gugu lisilomuudhi mtu ndilo linalopenya kwenye fomu.

Picha zangu nazo zilikuwa aibu. Kwenye iNaturalist, mtandao ambapo watu hupakia picha za viumbe na wengine kuvitambua, rekodi haipandi daraja la utafiti mpaka zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakubaliane, na nyingi za kwangu hazikupanda: kijani juu ya kijani, hakuna ua, hakuna mgongo wa jani.

Tulipomaliza kiraka cha nne nikaketi kuvua viatu. Soksi zote mbili zilikuwa zimeshonwa mbegu, kisigino hadi ukingoni. Na kiraka cha tatu na cha nne havikuwa na kishona nguo hata kimoja. Nikaanza kuzibandua na kuzirusha nyuma yangu.

"We! Usitupe!" Mama akanipa bahasha kuukuu.

Nikawa nazitia humo moja moja, nikihesabu. Zilifika 63.