Bahasha ya njano na mama wa masjala

Juzi nimetoka zamu ya usiku nikakuta ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa mdogo wake rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Ni nesi, ana stashahada, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, yuko kituo cha afya huko kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kuna wakala amemwambia atoe milioni sita, na baada ya miezi mitatu atakuwa Ujerumani: anashuka kwenye ndege, anavaa sare, anaanza kazi kama nesi kamili. Ananiuliza, "Dada, nikope VICOBA au niuze kiwanja?" Nilikuwa na usingizi mzito. Ukaisha wote.

Mdogo wangu, usiuze kiwanja. Nakujibu kwa maandishi ili na wenzako wasome.

Nianze na huyo wakala. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Orodha ya 2023 ina nchi 55. Ujerumani imeiingiza orodha ya namna hiyo kwenye kanuni zake za ajira: kwa nchi zilizotajwa, kampuni binafsi hairuhusiwi kwenda kutafuta manesi wala kuwaunganisha na waajiri, kazi hiyo ni ya idara ya ajira ya serikali yao peke yake. Ukiomba mwenyewe, kwa jina lako na vyeti vyako, hakuna anayekuzuia. Anayezuiliwa ni huyo anayetaka milioni sita. Na usijilinganishe na rafiki yako wa Kenya. Wenzetu hawamo kwenye orodha hiyo, na Septemba 2024 serikali yao ilisaini mkataba na Ujerumani pale Berlin. Njia yao si yako.

Sasa hilo la kushuka kwenye ndege na kuvaa sare. Mimi nilikuja huku Ujerumani 2022 kwa mwaka wa kujitolea katika nyumba ya wazee, mji mdogo, kisha nikabaki kama msaidizi wa uuguzi nikisubiri cheti changu kitambuliwe. Nyuma yangu nilikuwa na miaka sita ya hospitali ya wilaya: wodi ya wanaume, wodi ya watoto, leba. Usiku nilikuwa peke yangu na wagonjwa arobaini. Branula, ile sindano ya dripu, nimeweka mpaka kwa vichanga ambao mshipa huuoni, unaupapasa tu. Basi siku moja kuna babu mwenye kidonda cha kisukari kisiginoni. Nimeandaa trei, nimevaa glavu, akaingia kijana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ametumwa na sista wa zamu. Akaniambia kwa upole kabisa: "Hiyo wewe huruhusiwi." Akachukua trei. Mimi nikabaki nimeshika mguu wa babu, namwangalia akikosea hatua ambazo ningezifanya nikiwa nimefumba macho. Hakunionea yule kijana. Sheria ilikuwa upande wake, na hicho ndicho kilichoniuma. Angenitukana ningemjibu.

Na si heshima peke yake. Julai 2025 kima cha chini kwenye nyumba za wazee kiliwekwa kuwa yuro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo yanayotambulika, na yuro 20.50 kwa muuguzi kamili. Tofauti ni yuro 4.40. Kwa mwezi wa saa 168 hiyo ni yuro 739 kabla ya makato. Igeuze kuwa shilingi, kisha weka pembeni yake mshahara wako wa kituo cha afya. Utaelewa kwa nini watu wanalia kwenye basi wakisoma barua za ofisi.

Ofisi inayotambua vyeti haikuulizi unaweza kufanya nini. Inakuuliza ulisoma saa ngapi. Sheria yao ya uuguzi iliyoanza 2020 inamtaka mwanafunzi wao apate saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo, na hizo za vitendo zimegawanywa: hospitali, nyumba za wazee, uuguzi wa majumbani, watoto, afya ya akili. Wanachukua mtaala wako, wanaulaza pembeni ya wa kwao, wanahesabu. Kisicho na saa hakipo.

Novemba 2023 mleta barua akaniletea bahasha ya njano. Hapa bahasha ya njano si barua ya salamu. Anayeileta anaandika tarehe juu yake, na kuanzia tarehe hiyo una mwezi mmoja wa kupinga. Usiitupe, hata kama barua yenyewe umeshaitoa. Ndani kulikuwa na kurasa tisa. Nilizisoma na kamusi mpaka saa saba usiku. Ukunga, ambao kwetu ndiyo roho ya ile stashahada, wameuweka kando wote, maana kwao ukunga ni taaluma nyingine kabisa yenye shahada yake ya chuo kikuu. Watoto niliowapokea kwa mwanga wa simu umeme ukiwa umekatika, mama niliyemkandamiza tumbo damu isimtoke mpaka gari la wagonjwa likafika: hakuna hata saa moja. Uuguzi wa majumbani: haujathibitishwa. Uuguzi wa wazee: pungufu. Hukumu yake, miezi kumi na miwili ya mafunzo ya kujazia, na mshahara wa msaidizi muda wote huo.

Uuguzi wa wazee! Bibi yangu mzaa mama alipooza nikiwa nimerudi likizo, na nilipopangiwa kazi jirani na nyumbani nikawa namhudumia kila nikitoka zamu. Tulipeana zamu na binamu zangu, tunamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, miezi kumi na minne. Alifariki hana kidonda cha kulalia hata kimoja. Kwetu mzee anauguzwa na wajukuu, ndiyo maana mtaala wetu hauna kipindi chake. Nani angenigongea muhuri kwa bibi yangu?

Nikalia siku mbili, ya tatu nikaanza kukumbuka. Mwaka wa pili tulipelekwa vijijini wiki kadhaa, nyumba kwa nyumba: tunapima presha, tunasafisha vidonda, tunawafuata waliopooza na wa kifua kikuu. Huo si uuguzi wa majumbani ni nini? Lakini kwenye transkripti umeandikwa mstari mmoja, afya ya jamii, basi. Ofisini wangejuaje?

Nikaandika barua ya kupinga ili nisipitwe na tarehe, kisha nikapiga simu chuoni. Wiki nzima haikupokelewa. Rafiki akanipa namba ya mama wa masjala. Nikajua moja kwa moja kinachofuata, nikatenga laki moja ya soda kabla hata hajasema. Mama yule akaniuliza mambo mawili tu: "Ulimaliza mwaka gani, mwanangu? Na ulikaa bweni gani?" Jumamosi, siku yake ya mapumziko, akaenda na ufunguo, akafungua stoo, akapekua maboksi ya mwaka wetu moja baada ya jingine. Saa tisa alasiri simu yangu ikaanza kulia. Picha baada ya picha: kitabu changu cha mafunzo kwa vitendo, mwandiko wangu wa miaka ile, sahihi za wasimamizi, jina la kila kijiji, tarehe, saa. Kwenye picha moja vidole vyake vinaonekana, vimejaa vumbi.

Jumatatu akasimama mlangoni kwa mkuu wa chuo mpaka barua ya mchanganuo wa saa ikaandikwa na kugongwa muhuri. Akaituma kwa EMS. Nilimtumia ile laki kwa M-Pesa. Akatoa gharama ya posta, iliyobaki akairudisha. Nikampigia kumsihi aichukue. Akasema, "Hiyo ni kazi yangu, mwanangu, nalipwa mshahara." Nimeishi Tanzania miaka thelathini na moja, nimepanga foleni ofisi nyingi, na bado sentensi hiyo ilinikalisha chini.

Metroni wangu wa zamani naye aliandika kurasa mbili. Sheria ya hapa inaruhusu uzoefu wa kazi kuziba pengo la masomo, ila uzoefu huo uwe na tarehe, wodi na majukumu. Ile barua yetu ya "alikuwa mtumishi mwadilifu na mchapakazi" haizibi kitu. Kisha kila kitu kikaenda kwa mfasiri aliyeapishwa, maana hata Kiingereza cha transkripti zetu lazima kigeuzwe Kijerumani. Mfasiri anakulipisha kwa mstari, mstari wa herufi 55, nafasi zikiwemo. Nililipa kwa mikupuo mitatu.

Julai 2024 ikaja barua nyingine. Miezi kumi na miwili imekuwa mitano. Wametaja uuguzi wa majumbani, wametaja wodi ya watoto, wametaja vijiji vyetu kwa majina, vimeandikwa vibaya lakini vimo. Miezi saba imefutwa na Jumamosi moja ya mama wa masjala. Zidisha kwa zile 739.

Kwa hiyo, mdogo wangu, badala ya milioni sita, hivi ndivyo ningefanya ningekuwa wewe. Kabla hujaaga mtu, nenda chuoni mwenyewe, ukae pale mpaka upate mtaala wa mwaka wako, siyo wa sasa, pamoja na mchanganuo wa saa za darasani na za vitendo kwa kila somo. Pata barua ya Baraza kwamba leseni yako iko hai. Kwa mwajiri omba barua yenye kila wodi uliyopita, toka lini mpaka lini. Hakikisha jina lako ni lilelile kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka pasipoti. Dada mmoja tuliyekuwa naye hapa alikwama kwa herufi moja. Ukijua chuo chako kimepoteza kumbukumbu, usikate tamaa: siku hizi sheria inakuruhusu kuachana na ulinganishaji wa saa na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani, wa mdomo na wa vitendo kando ya mgonjwa, na kila sehemu unaweza kuirudia mara moja. Mimi nilichagua mafunzo kwa sababu niliogopa mtihani wa mdomo. Wapo waliochagua mtihani wakamaliza kabla yangu.

Na lugha. Kiwango cha B2 cha Kijerumani ndicho mlango, bila hicho vyeti vyote ni karatasi. Taasisi ya Kijerumani ya Goethe pale Dar wanafundisha vizuri, anza leo, hata kwa bando la usiku. Ujue tu kwamba kufaulu B2 hakukuandai kwa bibi wa miaka tisini asiye na meno anayeongea lahaja ya kijijini kwake, wala kwa kupokea simu ya daktari saa kumi alfajiri. Hilo linakuja polepole, na linachosha.

Cheti changu kilitoka Agosti 2025. Sasa kwenye kibeji kimeandikwa muuguzi. Naweka sahihi yangu kwenye dawa, naongoza zamu, na vidonda nafunga mwenyewe. Sitakudanganya kwamba ninajuta. Mwanzoni kumwogesha mtu mzima na kumlisha kijiko kwa kijiko niliona nimeshushwa. Kwetu hizo ni kazi za ndugu wanaokuja na hotipoti na khanga, nesi anashika dawa na faili. Leo najua ngozi ya mgonjwa unapomwogesha inakuambia mambo ambayo faili halina. Nimekuwa nesi bora kuliko niliyetoka nyumbani, na nasema hivyo nikijua kwamba ile wodi ya watu arobaini nayo ina nesi mmoja pungufu usiku huu.

Mama wa masjala tunaongea kila mwezi. Nilimtumia picha ya cheti, akaichapisha, akaibandika ndani ya kabati la masjala. Binti yake wa mwisho ameanza mwaka wa kwanza wa uuguzi palepale chuoni. Nikamwambia, mama, mtunzie kila ukurasa tangu sasa, asije kuhangaika kama mimi. Akanyamaza kidogo kwenye simu. Akasema kurasa anamtunzia, anazo zote kwenye faili la bluu.

"Lakini huyu," akasema, "namwombea apangiwe hapahapa wilayani."