Jinsi nilivyozuia masizi ya dizeli kuingia kwenye kabini ya lori

Masizi ya dizeli hayana adabu. Unafuta dashibodi asubuhi, jioni ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Kola ya shati inaiva weusi, ukipenga kamasi zinatoka nyeusi, na kioo cha mbele kinajenga utando wa mafuta ambao usiku, taa za magari yanayokuja zikiupiga, huoni barabara vizuri. Lori langu ni la zamani, kabini imekaa juu kabisa ya injini, na ekzosi yake haina chujio la masizi kama malori ya siku hizi. Kinachovuja chini kinapanda moja kwa moja kwenye miguu ya dereva.

Uchafu ningeuvumilia. Kichwa kuuma kila baada ya mlima mrefu ndicho kilichonifanya niache kufuta na nianze kutafuta. Masizi ni sehemu ya moshi tunayoiona. Pamoja nayo huja kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoumiza kichwa, isiyo na rangi wala harufu. Na hayo masizi yenyewe, chembe zake nyingi hazifiki hata mikromita 1, wakati unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70, kwa hiyo zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Nilipojua hivyo, harufu ya moshi ndani ya kabini haikuwa tena "harufu ya kazi".

Nilianzia chini, kwenye moshi unakotoka. Kuziba sakafu huku ekzosi inavuja ni kuchota maji kwa pakacha. Uvujaji husikika vizuri zaidi injini ikiwashwa ikiwa baridi: mlio wa "chif chif" unaofuata mzunguko wa injini, kisha unafifia chuma kikishapata moto na kutanuka. Ukiusikia, inamisha kabini injini ikiwa imezimwa na kupoa, umulike viungo vyote kwa tochi. Palipovuja pana mchirizi mweusi, hapahitaji mtaalamu. Langu lilikuwa na michirizi miwili, mmoja pale turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi) inapoungana na manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi unaotoka kwenye injini, mwingine kwenye lile bomba lenye mikunjo linalomeza mtikisiko wa injini. Ili kuhakikisha hakuna kingine, tulipuliza hewa kwenye mdomo wa ekzosi kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize, huku tukipaka maji ya sabuni kwenye viungo. Penye tundu, mapovu yanachemka.

Bomba lenye mikunjo halitengenezeki, linabadilishwa. Kuna wanaolichomelea, na ufa unatokea tena pembeni ya weldingi. Kwenye turbo, bolti zilimwagiwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na bado moja ilikatika, kama kawaida yake. Fundi alipima kwanza kwa rula ya chuma kama nyuso za chuma zimepinda, ndipo akaweka gasketi mpya, kile kizibo chembamba cha katikati ya nyuso mbili, na kukaza bolti kwa kupishanisha, kidogo kidogo. Baada ya injini kupata moto na kupoa tena, alirudia kukaza. Hatua hiyo ya mwisho mafundi wengi huiruka, na ndiyo sababu gasketi mpya huanza kulia mapema.

Kisha kuna bomba la kupumulia la injini, ambalo watu hulisahau kwa sababu si ekzosi. Injini iliyochakaa hutoa mvuke wa oili kupitia hapo, na kwenye malori mengi ya zamani mvuke huo unamwagwa chini ya kabini tu. Unanata, na masizi yanajishika juu yake, ndiyo maana weusi wa kabini haukubali kufutika kwa kitambaa kikavu. Nilirefusha bomba hilo kwa mpira unaostahimili oili mpaka nyuma ya kabini. Usilibane wala usiliache lining'inie na kutengeneza bonde la kukusanya maji. Likiziba, presha inapanda ndani ya injini na oili inaanza kutokea kwenye sili.

Moshi mweusi wenyewe pia ulipungua. Weusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, kwa hiyo tulibadilisha filta ya hewa, tukabana klampu ya mpira unaotoka turbo uliokuwa unapumua, na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini zikapelekwa kupimwa. Mdomo wa ekzosi nao uliishia pembeni, karibu na mgongo wa kabini, mahali ambapo hewa huzunguka na kurudi lori likiwa mbioni. Tuliusogeza nyuma zaidi.

Sasa matundu. Usiku, kabini ikiwa imeinuliwa na kufungwa kwa nguzo yake ya usalama, utingo alipita chini na tochi kali, nami nikachungulia ndani kupitia mlango, makapeti yakiwa yameondolewa. Ukitaka kuijua kabini yako, ione hivyo. Mwanga ulipenya kwenye mpira wa gia uliochanika, kwenye tundu la nyaya lililopoteza raba yake, kuzunguka mhimili wa usukani, na kwenye pedali ya klachi. Kifuniko cha juu ya injini kilikuwa na ukingo wa raba uliokauka mpaka ukawa mgumu kama mbao.

Penye kitu kinachosogea, kama gia na usukani, weka mpira mpya uliotengenezwa kwa ajili ya mahali hapo. Penye kitu kisichosogea nilitumia utepe mzito unaonata wa raba, na karibu na turbo, silikoni ya joto kali peke yake. Povu la kupuliza linalovimba nimelikataa kabisa: linanyonya oili, linashika moto, na ukitaka kupitisha waya mwingine kesho unabaki kuchimba. Matundu madogo ya chini ya milango usiyaguse, hayo ni ya kutolea maji ya mvua. Kwa mlango wenyewe, funga karatasi katikati ya mlango na raba, kisha ivute. Ikitoka bila kubishana, hapo pana mwanya. Kabla ya kununua raba nene, sogeza kwanza kile chuma ambacho kitasa hujifungia, maana mara nyingi mlango umelegea tu.

Watu wengi huishia hapo na kuridhika. Mimi naona sehemu yenye uzito zaidi ndiyo inayofuata, na haina gharama kubwa: kabini inavuta au inasukuma? Ukienda mbio na kioo kikiwa wazi, upepo unaopita nje unafyonza hewa ya ndani, na nafasi yake inajazwa na hewa inayopanda kutoka sakafuni, yaani kutoka kwenye injini. Nilikata ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, nikaubandika karibu na mpira wa gia. Kioo kikiwa wazi, ukanda uliinuka kuelekea ndani. Vioo vikifungwa na feni ikiwekwa kuleta hewa ya nje, ulilala, na feni ikiongezwa ulijibana kwenye mpira. Wenzangu wanaoendesha na vioo wazi "ili moshi utoke" wanauita uingie.

Lakini feni hiyo inafaa tu ikiwa inavuta hewa safi. Kwenye lori langu, mdomo wa kuingizia hewa uko chini ya kioo cha mbele, na sponji iliyoutenganisha na eneo la injini ilikuwa imeoza na kuwa unga. Feni ilikuwa inatuletea moshi kwa juhudi. Niliweka sponji mpya isiyopitisha hewa, nikaongeza filta yenye kaboni, ambayo hushika harufu pamoja na vumbi. Filta za daraja la HEPA, zile za kukamata chembe ndogo sana, hukamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, ila feni dhaifu haiwezi kusukuma hewa kupita kwenye filta nzito hivyo. Hewa ikipungua, ule msukumo wa kutoka ndani kwenda nje unapotea, na sakafu inaanza kuvuta tena. Na ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani si ya safari nzima: kabini haipati msukumo, na hewa ukaa ya pumzi zenu inajikusanya mpaka usingizi unakuja. Kengele ndogo ya kaboni monoksaidi nimeifunga usawa wa kichwa, mbali na jua la dashibodi.

Usafi wa ndani niliuacha mwisho. Masizi yana mafuta, ukianza na maji unayapaka. Vaa barakoa na glovu, fyonza kwa mashine yenye filta ya chembe ndogo, kisha pitisha sponji kavu ya raba kwa mwelekeo mmoja bila kusugua. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo yafuate baadaye, na vioo vimalizie kwa spiriti.

Kwenye foleni nyuma ya lori linalofuka, nafunga hewa ya nje kwa dakika chache, njia ikifunguka nairudisha. Filta naitoa kila ninapobadilisha oili. Ikiwa nyeusi upande wa nje tu, naweka nyingine na safari inaendelea. Kukiwa na weusi hata upande wa ndani, naanza upya na viungo vya ekzosi kabla ya kugusa kitu kingine.