Mpira mmoja, darasa zima: jinsi nilivyotatua kipindi cha michezo

Shuleni kwetu Mbagala, wavulana wachache walikuwa wakiumiliki mpira, na wengine wote, hasa wasichana, wanakaa chini ya mwarobaini. Iliniuma sana.

Nikaagiza soksi kuukuu na matambara, tukashona mipira yetu. Uwanja nikaugawa kwa chokaa: pembe moja rede (wawili wanamrushia mpira aliye katikati, naye anaukwepa), nyingine kuruka kamba, danadana, mbio za kupokezana vijiti. Filimbi ikilia, makundi yanahama.

Rede ndiyo iliyoniokoa. Anayejaza mchanga kwenye chupa pale katikati anainama, anakwepa, anaruka, jasho linamtiririka, na wasichana wanaijua kuliko mimi! Kwa jua la Dar, kipindi nikakiomba kiwe saa mbili asubuhi. Sasa chini ya mwarobaini yamebaki madaftari tu.