Neno lililohama pigo

Jumatano, usiku.

Kwa wiki tatu nimekuwa na wimbo usiotaka kwisha. Beti mbili zipo, kiitikio kipo, lakini kila nikikiimba nasikia kitu kinakwaruza. Nimepandisha sauti, nimeishusha, nimepunguza kasi. Wapi.

Saa yangu ya kutunga ni ile kabla ya nyumba kuamka, na hiyo pia siimiliki, kwa kuwa mdogo husikia hata uzi mmoja wa gitaa ukiguswa. Basi nimezoea kutunga kimya, nikihesabu mapigo kwa vidole. Tatizo ni kwamba vidole havijui saa. Juzi wakati wa chakula mume wangu alinitazama mkono uliokuwa ukigonga meza, akasema, "Umeondoka tena." Kweli nilikuwa nimeondoka. Mwanangu mkubwa alikuwa akinisimulia habari ya rafiki yake, nami sikuwa nimesikia hata nusu.

Jana niliingia darasani nimechoka. Wanafunzi wangu ni wa miaka saba na minane, na kwa kawaida tunaanza na so na mi, zile noti mbili ambazo watoto hujikuta wakizitumia wanapoitana kwa mbali. Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, alisisitiza kwamba mtoto aimbe kwanza, ala ije baadaye, na kila mwaka darasa langu linanionyesha kwa nini. Lakini jana sikuwa nimeandaa wimbo mpya, nikawapa kiitikio changu. Jambo hilo bado linanisumbua kidogo. Muda wa somo ni wao, si wa kujaribia kazi zangu.

Mstari wa kwanza unasema "Nisubiri mlangoni." Niliwaimbia mara mbili, wakaurudia, na msichana mmoja wa safu ya nyuma akauimba tofauti. Nilimsimamisha nimrekebishe. Akaimba tena vilevile, taratibu, kwa uhakika kabisa. Hapo ndipo niliposikia. Mimi nilikuwa nimeliweka pigo zito kwenye "mla". Yeye alilianza neno mapema kidogo, pigo likaangukia "ngo", palepale tunapokaza sauti tukizungumza: mlaNGOni. Silabi ya pili kutoka mwisho! Kanuni hiyo naifahamu tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, ila melodi ilikuwa imenipendeza mno nikailazimisha lugha iifuate. Nilimwomba awafundishe wenzake. Dakika tano baadaye darasa zima lilikuwa likiimba wimbo wangu vizuri kuliko mimi.

Nikiwa njiani kurudi nilimfikiria Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa Ujerumani. Mwaka 1720 alianza kumwandikia mwanawe mkubwa, mwenye miaka tisa, daftari la mazoezi ya kinanda, na baadhi ya vipande vile alivinoa baadaye hadi vikawa vile ambavyo wapiga piano wanajifunza mpaka leo. Zamani niliisoma habari hiyo kama kisa cha kipaji. Sasa naona baba mwenye mwanafunzi ndani ya nyumba.

Ila anayenikaa moyoni zaidi ni mkewe wa pili, Anna Magdalena. Alikuwa mwimbaji wa kulipwa katika kasri la Köthen, Ujerumani. Alizaa watoto 13, akazika zaidi ya nusu yao, na katikati ya hayo yote akawa ananakili noti za mumewe kwa mkono wake. Watu wanapouliza Bach aliwezaje kutunga nyumba ikiwa imejaa watoto, mimi namwona yeye mezani na kalamu, na ninajiuliza aliimba saa ngapi. Mimi nina watoto wawili na mume anayeosha vyombo, na bado siku hazinitoshi.

Leo sikugonga meza. Baada ya kula nilimwomba mwanangu anisimulie upya ile habari ya rafiki yake. Akasema ameisahau. Nilipomfunika shuka akaikumbuka, akaanza upya kabisa, na majina yote ya waliokuwepo na nani alimsukuma nani. Ilikuwa ndefu. Alilala kabla ya kufika mwisho, kwa hiyo kesho itabidi nimuulize.

Ubeti wa tatu bado sijauandika.