Siku moja maishani mwangu: watoto kumi na mmoja na sato mmoja

Saa kumi na moja alfajiri

Mada ya wiki hii ni samaki, kwa hiyo Jumatano yangu ilianzia Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza. Soko la Kirumba saa hizo limeshachangamka: magunia ya dagaa yanashushwa, makuli wanapiga kelele wapishwe njia, kina mama wamejifunga kanga viunoni wanapanga mafungu yao. Nilinunua sato mmoja mkubwa, mzima, na nikawahi kumzuia muuzaji ambaye alishashika kisu aanze kumpara. Magamba ndiyo niliyoyafuata. Nikaongeza dagaa wakavu na furu wachache wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, nikapanda mlima kurudi nyumbani na ndoo yangu.

Nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano nyumbani kwangu, huku juu Kirumba kwenye mawe. Wapo kumi na mmoja, mmoja wao wangu wa kumzaa. Tunatumia sebule, baraza na kiwanja kidogo kilichobanwa kati ya nyumba na jabali. Kituo kimesajiliwa kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka, na afisa ustawi wa jamii alikagua choo, maji na uzio kabla sijaanza. Hata hivyo mtaani kazi yangu inaitwa "kushikia watoto", na wengi wanaolipa ada wanaamini wanalipia mtoto asizurure. Naandika siku hii ili mtu aone kinachofanyika baada ya geti kufungwa.

Saa kumi na mbili na nusu

Wa kwanza kufika huwa ni mjukuu wa bibi mmoja anayeuza dagaa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, mwangaluka," ananiitikia na kunisalimu kwa Kisukuma papo hapo, mtoto ameshaingia ndani, yeye ameshageuka kuteremka. Hadi saa mbili wote wamefika. Wamenawa, wametundika mifuko yao, tumekaa duara kwenye mkeka.

Niliuliza nani alikula samaki jana. Mikono ikapanda. Mtoto mmoja, baba yake ni mvuvi wa dagaa, akasema kwao hawakula kwa sababu baba haendi ziwani. Kwa nini? "Mwezi unawaka." Wenzake hawakuelewa, naye akasimama akawaeleza kwa mikono: baba anawasha taa usiku, dagaa wanaifuata, lakini mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaijali taa. Ana miaka minne. Ndivyo uvuvi wa dagaa ulivyo, taa ndiyo inayowakusanya, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Niliweka pembeni hadithi niliyoiandaa. Tulichukua chaki tukachora mwezi mwembamba, mwezi nusu na mwezi mzima, na mwenyewe akatuonyesha ni upi baba yake anaupenda.

Saa tatu

Tulitandika turubai barazani, sato akalazwa kwenye sinia. Nilikuwa nimeshakata ncha za miiba ya pezi la mgongoni, maana miiba ya sato inachoma. Kanuni ilikuwa moja: kidole kimoja kwanza. Wakapapasa kutoka kichwani kwenda mkiani, akateleza. Wakarudisha kutoka mkiani kwenda kichwani, akakwaruza. Wakarudia tena na tena, huku wakisema laini, mkwaruzo, baridi, utelezi. Maneno hayo walikuwa nayo, ila leo kila mmoja alilisema kidole chake kikiwa juu ya kitu chenyewe.

Yupo mmoja ambaye tangu aje kwangu hagusi chochote chenye majimaji. Alisimama pembeni, mikono mgongoni. Sikumwita. Wenzake walipopungua akasogea mwenyewe, akaweka kidole karibu na jicho la samaki, akakivuta, akaninong'oneza: "Halifumbi." Nikamwambia sato hana kope. Akarudi kuliangalia kwa muda mrefu, na safari hii aligusa shavu lake kwa kiganja kizima. Mama yake akija jioni hilo ndilo jambo la kwanza nitakalomweleza.

Tukafunua kifuniko cha shavu tukaona matamvua mekundu. Tukafunua mdomo. Nikawaambia jike la sato hutunza mayai yake mdomoni, na vifaranga wakishaanguliwa, wakiona hatari hukimbilia humo humo kwa mama yao. Wote wakainama kuchungulia kama wamo.

Kisha tukapiga chapa. Nilikuwa nimepika uji mwepesi wa unga wa muhogo na kuutia rangi ya chakula ya buluu, bila kitu kingine, kwa sababu sato huyo huyo alikuwa mboga yetu ya mchana na nyumbani kwangu chakula hakigeuzwi takataka. Mtoto anapaka kwa kipande cha sponji, analaza karatasi juu, anakandamiza kwa viganja viwili bila kuisogeza, halafu anaibandua polepole kuanzia pembeni. Karatasi inatoka na kila gamba limejichora mahali pake, na pezi la mgongoni limesimama kama vyuma vya mwavuli. Kukandamiza bila kutelezesha na kubandua bila kuchana kunataka vidole vitii. Vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Wakubwa wakahamia kwenye dagaa wakavu: vikombe vimepangwa mstari, dagaa kumi kila kikombe, wakiwaokota mmoja mmoja kwa kidole gumba na cha shahada. Dagaa anavunjika ukimbana kwa nguvu, na aliyevunjika hahesabiwi. Hakuna kifaa cha dukani kinachofundisha kubana kwa kiasi vizuri kuliko hicho.

Saa nne na robo

Uji wa lishe ulikuwa ndiyo kwanza unamiminwa, baba mmoja akabisha.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Nzuri, baba. Karibu ndani."

Hakukaa. Alikuwa ameshika fulana ya mwanawe ya jana. "Mwalimu, hebu nusa." Nikanusa. Ilikuwa na shombo la dagaa, nikamkubalia. "Mimi nalipa ada hapa," akasema. "Mtoto anarudi ananuka mwalo. Namuuliza leo umesoma nini, ananiambia tumehesabu dagaa. Daftari lake liko wapi?"

Nikamwambia hana daftari bado.

"Hana?" Akawageukia watoto kana kwamba anatafuta shahidi. Akaanza kunieleza habari za mtoto wa kaka yake. Umri ni huohuo, miaka minne. Yuko shule ya kulipia, anaandika a mpaka z, anaandika moja mpaka hamsini, ana madaftari matatu yenye tiki nyekundu kila ukurasa, jioni analeta kazi ya nyumbani, anaimba kwa Kiingereza. Jumapili familia ilikutana, na huyo mtoto wa kaka aliitwa mbele ya wageni aandike jina lake, akaandika. Wa kwake akaitwa, akasema yeye anajua samaki analala macho wazi. Watu wakacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomleta. Aliaibishwa, na mwanawe alichekwa. Nilimhurumia. Lakini wakati huo huo nilikuwa nasikia kikombe kikianguka mezani, uji unamwagika, mdogo kuliko wote analia kwa sababu amejikojolea, na msaidizi wangu, binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, yuko peke yake na watoto kumi na mmoja. Sikumkatiza. Mzazi hakatizwi mbele ya mtoto wake. Akanieleza jinsi yeye alivyofundishwa kwa kiboko na leo anajitegemea. Akanieleza ushindani ulivyo. Akarudia ada. Akarudia madaftari matatu.

Alipomaliza nikamwomba akae, akakaa kwenye stuli.

"Baba," nikamwambia, "kifundo cha mkono wako kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu, ukimpiga eksrei huioni. Inageuka mfupa mmoja baada ya mwingine, na kwa umri wa huyu wetu karibu nusu yake haijawa. Nikimlazimisha ajaze kurasa atajaza, maana ananipenda na ananitii. Lakini atashika penseli kwa ngumi, mkono utamuuma, na atalichukia daftari kabla hajafika darasa la kwanza. Sera ya nchi imeweka mwaka mzima wa elimu ya awali kabla ya darasa hilo. Herufi zina wakati wake. Mimi natengeneza mkono wa kuziandika na kichwa cha kuzitaka."

"Hayo ni maelezo, Mwalimu. Mimi nataka kuona."

Haki yake. Nikamwita mwanawe, aje na vikombe vyake. Akaja navyo, akavipanga, akahesabu kwa kugusa kila kikombe: kumi, ishirini, thelathini, mpaka sitini. Baba akachukua vikombe viwili akavimwaga pamoja kwenye sahani. "Hapa wako wangapi?" Mtoto hata hakuwaangalia. "Ishirini." Baba akachukua dagaa watatu akawafumbata mkononi. "Na sasa?" Mtoto akainama, akawasogeza mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza, akamaliza, akainua uso. "Kumi na saba. Watatu unao wewe."

Baba alifungua kiganja akawaangalia wale dagaa. Nikasubiri. Akasema, "Lakini kuandika hajui."

Nikamjibu ndiyo, bado.

Akasimama, akasema atashauriana na mama wa mtoto, akaondoka. Ilikuwa inakaribia saa tano. Muda wa kucheza nje ulikuwa umekwisha, uji wa kwangu umeganda, na mtoto ameshika kikombe mkononi anauliza kama baba amefurahi. Nikamwambia baba ameona umehesabu vizuri. Hilo lilikuwa kweli. Nimebeba magunia ya mkaa kwenye mlima huu na hayakunichosha kama dakika zile.

Mchana

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Tulitoka nje hata hivyo, na somo la samaki likavunjwa na mjusi: dume la wale wa mawe, kichwa na kifua cha pinki na mwili wa buluu, amepanda juu ya jabali anapiga pushapu. Huwezi kushindana na mjusi huyo, na sikujaribu. Tuliketi chini tukamtazama mpaka akaingia ufani, kisha kila mtu akapiga pushapu zake.

Wakaniomba twende ziwani tuwarudishe furu kwa mama yao. Furu walikuwa wameshakufa, jambo lililotuchukua muda wake kulizungumza. Na ziwani siwapeleki majini, wiki ya samaki wala wiki nyingine. Maji ya ufukweni yana kichocho: vijidudu vinatoka kwenye konokono wadogo na kupenya ngozi, havingoji mtoto anywe. Tunapanda jiwe la nyuma ya nyumba, tunashikana mikono, tunahesabu mitumbwi kwa mbali. Maji ya kuchezea tunayo kwenye beseni, ya bomba, pamoja na makopo, chekecheo na visoda vya kuelea na kuzama. Wageni huniuliza inakuwaje nafundisha habari za ziwa bila kulikanyaga. Wazazi wa Mwanza hawaniulizi.

Sato akakaangwa. Nilichambua minofu kwa mikono yangu, sahani kwa sahani, nikipapasa kila kipande mara mbili kwa ajili ya miba. Wanane wakalala, watatu wakagoma kulala. Binti akafua, mimi nikafuta turubai, nikapiga deki baraza kwa maji ya limau kuondoa shombo. Nikaanika chapa kwenye kamba kwa vibanio, na wale watatu wakanisaidia kubana, maana kibanio nacho ni kazi ya vidole.

Jioni

Kuanzia saa tisa na nusu wakaanza kuchukuliwa. Kila mzazi anataka dakika mbili, na kila mmoja anastahili dakika kumi. Yule mama wa mtoto asiyegusa majimaji niliposema "ameshika samaki" alinitazama, akamtazama mwanawe, akaniomba nirudie. Akaichukua chapa yake ikiwa haijakauka vizuri.

Baba wa asubuhi hakuja mwenyewe, alimtuma mdogo wake.

Bibi wa dagaa alichelewa, kama anavyochelewa siku ambazo mzigo hautoki. Giza liliingia tukiwa barazani na mjukuu wake, miguu yangu ndani ya beseni la maji ya chumvi, yeye akinieleza upya habari za mjusi. Bibi alipofika alikuwa hana nguvu hata ya kuketi. Akataka kunilipia muda wa ziada kwa dagaa, nikapokea kidogo, kwa sababu nikikataa kabisa atajisikia ameombaomba. Akaona vikombe vya dagaa bado vimepangwa. "Mnahesabu mmoja mmoja?" akauliza. "Sisi tunapima kwa sado." Nikamwambia ndiyo kwanza tunaelekea huko.

Saa tatu usiku, nikiwa nakata maboksi ya kadibodi kwa ajili ya mada ya wiki ijayo, soko, ujumbe ukaingia kwenye simu. Baba yule anasema wameamua: Januari mtoto atahamia shule anayosoma binamu yake. Hadi hapo atabaki kwangu. Nikamjibu nimepokea, baba, usiku mwema.

Halafu nikachukua karatasi ya mpango na kuandika ya kufanya naye mpaka Desemba. Mkasi. Vibanio. Kusuka kamba za katani. Kuchora jina lake kwenye mchanga kwa kidole, kisha kwa chaki sakafuni, kisha kwa brashi na maji ukutani, kisha ndiyo penseli. Kesho tunapima dagaa kwa sado, na sado yenyewe bibi ameahidi kuja nayo asubuhi.