Chatu wetu alivyokubali panya wa friza

Panya ana meno yanayotafuna hata waya wa stima, na nyoka aliyefungiwa naye kasha moja hana pa kukimbilia. Chatu jike tunayemtunza kwenye bustani ndogo ya nyoka hapa Malindi (bustani ina kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maana Kenya hufugi nyoka wa mwituni bila kibali) aliletwa kwetu akiwa na kovu juu ya jicho. Huko alikotoka aliachiwa panya aliye hai usiku kucha. Chatu akiwa ameshiba, au akikaribia kujivua gamba, hamgusi panya. Panya naye akiona njaa humguguna chatu, na kidonda kikioza chaweza kumuua. Basi nikaamua huyu atakula panya waliokufa, wa kutoka kwenye friza.

Mzee aliyenifundisha kazi alishauri, "Mnyime mpaka akubali, kijana wangu." Namheshimu sana, lakini hapa sikukubaliana naye. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, na wetu alikuwa bado mdogo. Angekonda kabla ya kubadili mawazo. Nionavyo mimi, kinachomshawishi chatu ni joto. Kwenye midomo ana vishimo vidogo vinavyohisi joto la mnyama hata gizani, na ulimi wake humletea harufu. Panya wa baridi kwake si chakula kabisa.

Kwa hiyo nilianza na panya aliyeuawa muda huo huo, mwili ungali moto, nikimsogeza taratibu kwa koleo refu. Hakusita. Alipozoea kupokea kwenye koleo ndipo nikaingia kwa waliogandishwa, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Panya hutoka kwenye friza jioni, akalala kwenye friji mpaka barafu iishe. Kesho yake namtia kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, naukalisha mkebe ndani ya maji moto, nikibadilisha maji yanapopoa, hadi ngozi ifike kama nyuzi 38. Maji hayamgusi, kwa sababu panya aliyelowa hupoa haraka. Namfinya tumbo kuhakikisha katikati hamna ubaridi. Maikrowevu sitaki hata kuisikia: huku anaiva, kule bado barafu, na anaweza kupasuka.

Mwanzoni chatu alitoa ulimi, akageuza kichwa. Sikumsumbua. Nilimtoa panya nikamtupa, kwa sababu akishayeyuka harudishwi kwenye friza, nikangoja zamu nyingine ya kulisha. Ilikuwa Julai, kusi inavuma na usiku una ubaridi, kwa hiyo nilihakikisha upande wa moto wa kasha unafika nyuzi 32, nikahamishia chakula baada ya jua kuzama, nikafunika vioo kwa gunia. Halafu nikamsugua panya kwa maranda ya kwenye kizimba cha panya wazima, apate harufu, na mwisho kabisa nikampasha kichwa kuliko mwili. Hilo la kichwa ndilo lililomaliza ubishi. Alimrukia, akamzonga na kumbana. Nikamtikisa panya kidogo kwa koleo ili asilegeze, akameza. Kwa saa 48 sikuruhusu mtu kumshika.

Friza nayo ilikuwa na mambo yake. Mama anayepikia wageni alinikatalia waziwazi: "Mwanangu, panya na samaki wangu hawalali pamoja." Alikuwa na haki, panya hubeba salmonela, vijidudu vinavyoumiza tumbo, na mikono lazima ioshwe kwa sabuni kila mara. Tukanunua friza ndogo ya mitumba, ikawa ya panya tu. Nafasi iliyobaki naijaza chupa za maji yaliyoganda. Stima ikipotea, sifungui mlango. Nikikuta wamelainika, wote wanatupwa.

Wapo wageni wanaotaka kumwona panya akihangaika. Nawaambia hatufanyi hivyo tena, kwa ajili ya chatu na kwa ajili ya panya.

Sasa nahangaika na nyoka mdogo wa kahawia anayetaka mjusi kafiri tu. Kila zamu nampa kinda la panya nililolisugua kwa ngozi ya mjusi. Jana alilifuata kwa ulimi mpaka mkiani, kisha akaliacha.