Kwani huna wenzio?

"Kwani wewe kijana huna wenzio?"

Shangazi, ndivyo ninavyomwita binti wa Mzee, rafiki yangu ninayecheza naye bao, alisema hivyo Jumatano jioni, amesimama mlangoni na kapu la sokoni mkononi, hata ushungi hajavua. Nikamjibu, "Ninao, shangazi." Mzee hakuinua uso. Alisema "Zamu yako," akaninyooshea kidole ubaoni. Basi, hakuna kilichoongezwa. Tangu hapo mkataba wangu wa kazi umehuishwa, mke wangu amekwenda Tanga msibani na kurudi, mvua imekata tena barabara yetu ya Kimara, hapa Dar es Salaam, lakini nikiweka kichwa kwenye mto nasikia "huna wenzio".

Najaribu kuikumbuka sauti yake. Kuna "huna wenzio" ya utani, na kuna ile ya kumwambia mtu aondoke. Yake ilikaa katikati. Na lile "wewe kijana" lilitangulia kama mtu anayesafisha koo.

Wenzangu ninao. Niliosoma nao, wa ofisini, wa kijiweni, na wote nawapenda. Lakini hirimu ikikutana, kipimo kinakuwa kimoja: nani amejenga, nani amenunua gari, mtoto wa nani yuko shule gani. Mzee ana miaka 79. Alishajenga, alishazika, alishastaafu. Kwa mambo hayo hashindani na mimi wala mimi sishindani naye. Tunashindana kwa kete tu, na hapo hakuna huruma.

Hili la kete nalitilia mkazo kwa sababu wengi wakitaka kukaa na mtu mzima huanza na maswali. Zamani ilikuwaje, foleni za sukari zilikuwaje, Nguvu Kazi ya 1983, ile ya kuwakamata wasio na kazi mjini, mlijifichaje. Ni maswali mazuri, lakini yakiwa ndiyo salamu ya kila siku, mzee anageuka kitabu cha maktaba, na kitabu hakuna anayekiuliza kimeamkaje. Mzee wangu husimulia mwenyewe, kete zikiwa mkononi, na mara nyingi hukatisha katikati kwa sababu ameona mtaji, yaani nafasi ya kula kete zangu. Sijamwomba amalizie. Siku nyingine itarudi, na itarudi na kipande ambacho mara ya kwanza hakikuwamo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mmoja ana safu zake mbili na kete zake 32. Mnaanza na kete 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zinabaki 22, na hizo unaziingiza moja moja kila zamu, ndiko kunamua. Zikiisha, mnacheza na zilizomo ubaoni peke yake, ndiyo hatua ya mtaji. Ukikosa kete safu ya mbele, umefungwa.

Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Hakuna mbio wala mabavu. Kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili, na ndiyo maana mtu wa miaka 34 na wa miaka 79 wanaweza kukutana hapo bila mmoja kubebwa. Kosa la sisi vijana ni kuipeleka nyumba safari mapema. Kete zimejaa, mkono unawasha, unaondoka nazo zote. Ukishaitoa imekwisha: shimo lile linakuwa shimo kama mengine, na huna tena mahali pa kuchagua kusimama kete yako ya mwisho ikiangukia pale. Mzee hakunifundisha hilo kwa maneno. Alinifunga tu, siku baada ya siku, mpaka likaniingia.

Na kwa kuwa kila kitu kiko wazi, huwezi kumpisha mtu akushinde bila yeye kujua. Ukiwa na mtaji wa kula kete saba ukachagua wa kula mbili, ameshaona. Amecheza mchezo huu kabla baba yangu hajaoa. Kijana anayemwachia mzee ushindi anadhani anamheshimu, kumbe anamwambia kwamba siku zake zimepita. Nimeona urafiki wa namna hii ukifa kwenye baraza za Magomeni, mtaani kwa Mzee: kijana anapisha, mzee ananyamaza, wiki ijayo mzee anasema mgongo unamuuma leo hachezi.

Kinachohitaji kurekebishwa ni mahali, si mchezo. Mtoto wa jicho humfanya mtu asione kete nyeusi ndani ya shimo jeusi, kwa hiyo kete za komwe, zile za kijivu, kwenye mbao iliyoiva rangi ndizo zinazoonekana. Mwanga utoke nyuma ya mzee, usimpige usoni. Baraza inayotazama mashariki ni nzuri baada ya alasiri kwa sababu jua limeshahamia upande wa pili wa nyumba. Bao lisiwe chini mkekani kwa mtu mwenye magoti mabovu. Liweke juu ya stuli, lilingane na magoti ya aliyeketi kitini. Mashimo mapana yasiyo na kina humfaa mwenye vidole vilivyokakamaa, maana shimo la kina linamlazimu kuchimba kete kwa kucha. Akitaka kugusa ahesabu, mwache ahesabu, na wewe usimhesabie kwa sauti. Ukizungumza, kaa upande wa sikio zima. La Mzee ni la kushoto.

Kahawa chungu, sawa. Kashata hapana, kama ana sukari, hata akiagiza mwenyewe na muuza kahawa ameshasimama na dele lake. Ukitaka kuleta zawadi, leta betri za redio. Simu umpigie, usimwandikie, wala usimrekodie ujumbe wa sauti wa dakika tano. Na ukisema utafika saa kumi na moja, fika saa hiyo, kwa sababu yeye ameshaoga na kuvaa kanzu tangu saa kumi. Kutoka Posta hadi kituo cha Usalama, Magomeni, basi la mwendokasi likijaa linaweza kukupita mara kadhaa, basi nyanyuka ofisini mapema.

Jambo jingine ambalo watu hawalitazami ni ukubwa wa pengo lenyewe. Kwa desturi zetu pengo la miaka 45 ni jepesi kuliko la 25. Mtu wa umri wa babu ana utani na wewe. Mzee akiniona tu huuliza, "Mke wangu hajambo?" akimaanisha mke wangu mimi, nami humwambia hajambo ila amesema mahari yako bado hajaiona. Mtu wa umri wa baba hana utani huo. Kwake kuna heshima, macho chini, na ndiyo sababu urafiki wa mtu wa miaka 30 na wa miaka 55 unahitaji kazi ya pamoja ya kuuzibia nafasi: gereji, shamba, timu ya mpira, kwaya. Bila hiyo mtakaa mkiamkiana tu.

Na usiende ukiwa na masikio peke yake. Mweleze na yako. Mzee alijua habari ya mkataba wangu kabla ya ndugu zangu, na aliniuliza maswali makali kuliko waliyouliza wao. Asiyeambiwa shida za mwenzake anajiona mgonjwa anayetembelewa.

Hayo yote ningemwambia shangazi. Nimeyapanga kichwani tangu Jumatano, kwa hasira kidogo, nakiri hasira ilikuwapo. Ila jana usiku nilianza kumfikiria yeye mwenyewe.

Ndiye anayepanga dawa za asubuhi na jioni. Ndiye anayekwenda naye kliniki, akapanga foleni tangu alfajiri, akarudi kufungua genge lake saa saba mchana. Mimi nakuja jua limepoa, nacheka na baba yake, naondoka. Halafu nyumba yenyewe iko Magomeni, hatua chache kutoka barabarani. Kila mtu anajua kiwanja cha pale kina thamani gani, na kila mtaa una kisa cha kijana mchangamfu aliyemzoea mzee, kisha siku moja ikaonekana karatasi yenye dole gumba. Shangazi akiniona anaona hivyo kwanza. Ana haki. Ningekuwa yeye ningeuliza, na pengine nisingengoja mpaka Jumatano ile.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo kijana mwenye nia njema anayafanya bila kuombwa. Ingia kwanza ndani umwamkie mwenye kumlea, ndipo ukae barazani. Kaeni panapoonekana, mlango wazi. Usiulize habari za nyumba, hati wala mirathi, na akizianzisha yeye mwambie ayamalize na wanawe. Usimkopeshe wala usikope kwake, hata elfu mbili ya nauli. Usishike simu yake kumtolea pesa. Namba yake ya siri aijue yeye na mwanawe. Usimtoe nje ya mtaa bila nyumbani kujua mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Karatasi yoyote ikitokea mbele yako, ondoka.

Nikiwaza hivyo ndipo nikakumbuka kitu kilichonifanya nikae kitandani. Jumatano Mzee alikuwa amegeuza kiti kwa ajili ya mwanga. Sikio la kushoto lilielekea mlangoni. Alimsikia binti yake, neno kwa neno. Hakumkaripia mbele ya mgeni, hakunitetea kama mtoto, wala hakubadili mazungumzo. Alinipa zamu yangu. Na nilikuwa na mtaji mbaya, nikala kete tatu, akanila kumi na moja papo hapo, akacheka mpaka shangazi naye akatabasamu akiingia jikoni. Tabasamu hilo nilikuwa nimelisahau kabisa kwa siku tatu.

Jumatano ijayo nitapitia jikoni kwanza. Nitamchukulia shangazi nazi za genge lake kutoka kwa yule jamaa wa Mkuranga anayeziuza kwa bei ya jumla, kwa bei ile ile niliyonunulia, na alipe, kwa sababu asipolipa litakuwa jambo jingine.

Sasa ngoja nilale. Mwenye nyumba amepiga tena leo. Kodi ya miezi sita inaisha mwisho wa mwezi, anataka kupandisha, na mke wangu anasema Kibamba kuna vyumba viwili vyenye maji ya ndani, lakini sijui kutoka huko nitafika Posta saa ngapi.